Aibu Huwatoa Chuoni Kabla ya Mtihani

Mwanafunzi anayeelekea kuanguka chuoni huacha kufungua ujumbe kabla hajaacha kufungua daftari. Anakosa kipindi kimoja kwa sababu ya kweli kabisa: ugonjwa, zamu ya kazi, msiba. Kipindi kinachofuata anaona haya kuingia kwa kuwa hajui wenzake wamefika wapi. Wiki ya pili kuna kazi ya kukusanya, naye hajaimaliza, hivyo anaona heri asionekane kabisa kuliko kuonekana mikono mitupu. Mhadhiri anamwandikia barua pepe kumuuliza kulikoni. Haifunguliwi. Kiongozi wa darasa anatangaza kwenye grupu la WhatsApp kwamba tarehe ya jaribio imesogezwa, lakini yeye grupu amelizima sauti. Ikifika katikati ya muhula, tatizo la kwanza, ambalo lingemalizwa kwa mazungumzo ya dakika 10, limeshazaa mengine mengi, na yote yamefunikwa na ukimya.

Mimi hujitolea kuwa mlezi wa wanafunzi wa namna hiyo. Nina kazi yangu nyingine inayonilisha, na chuoni siwafundishi wala siwatungii mitihani. Kila muhula mpya unanithibitishia jambo lilelile: wengi wanaodaka sapu, yaani kutakiwa kurudia mtihani waliofeli, na baadaye kudisko, yaani kuondolewa chuoni kabisa, hawaondolewi na ugumu wa masomo peke yake. Aibu ndiyo inayowatoa. Msaada kwa kawaida upo. Mhadhiri ana saa zake za kuonana na wanafunzi, ofisi ya mshauri wa wanafunzi iko wazi, na darasani hamkosekani mwenzao anayelielewa somo na yuko tayari kuelekeza. Wanachokosa ni mtu wa kuwasindikiza kutoka pale wanapojua kwamba msaada upo hadi pale wanapouomba. Umbali huo kwa macho ya mtu mzima ni mfupi mno. Kwa kijana wa miaka 19 aliyekuwa wa kwanza darasani kwao, na leo ana alama 11 kati ya 40, hauvukiki.

Utaratibu wenyewe hauna mambo mengi. Ofisi inayoshughulikia wanafunzi huwatambua walio hatarini: waliokosa majaribio, ambao alama zao zimeshuka ghafla, au waliokuja wenyewe kuomba. Kila mmoja hupangiwa mlezi. Tunakutana mara moja kwa wiki, chini ya saa moja, siku ileile na mahali palepale, na katikati ya wiki tunaandikiana ujumbe mfupi. Hakuna malipo. Mlezi anadaiwa jambo moja kubwa, asikose, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mwanafunzi aliyezoea kukata watu tamaa anangoja kuona utafanya nini yeye asipotokea.

Asipotokea, naandika hivi: "Leo sijakuona. Jumanne ijayo nipo palepale saa 10 jioni. Huna haja ya kuja na maelezo." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Wengi hawaogopi kikao. Wanaogopa ile dakika ya kwanza ya kujieleza walikuwa wapi. Ukiwaondolea dakika hiyo, wanarudi.

Kikao cha kwanza siulizi kwa nini amefeli. "Kwa nini" ina hukumu ndani yake hata ikitamkwa kwa upole, na kila mmoja huja na jibu aliloliandaa njiani: "Sikuwa siriasi, dada. Muhula huu nakaza." Jibu hilo humridhisha mkubwa yeyote, na halina habari hata moja ya kufanyia kazi. Badala yake nauliza ni lini mara ya mwisho mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Swali hili halimtaki ajitetee. Linamtaka akumbuke tu, na akikumbuka hufika mwenyewe mahali palipovunjika.

Binti mmoja wa mwaka wa kwanza alinijibu kwamba alikuwa sawa hadi wiki ya nne. Wiki ya nne kulikuwa na nini? Mhadhiri wa takwimu aliuliza swali, yeye akanyoosha mkono akajibu, darasa likacheka. Kuanzia siku hiyo alihamia viti vya nyuma, kisha karibu na mlango, kisha hakuonekana tena. Hisabati ya sekondari alikuwa ameifaulu vizuri. Ungempa mwalimu wa ziada wa takwimu, mwalimu angefundisha takwimu, na chanzo kingebaki palepale.

Hisia hii ya "mimi si wa hapa" imechunguzwa sana. Wanasaikolojia Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha mwaka 2011 utafiti uliofanyika katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisomeshwa maelezo ya waliowatangulia, waliosimulia kwamba nao walipofika walijiona wageni, na kwamba hali hiyo ilipungua kadiri siku zilivyokwenda. Kisha wakaandika jinsi maelezo hayo yanavyofanana na maisha yao wenyewe. Shughuli nzima ilichukua kama saa moja. Kwa wanafunzi weusi, pengo la alama kati yao na wenzao weupe lilipungua kwa nusu katika miaka 3 iliyofuata. Zoezi lilipokuja kujaribiwa kwenye taasisi 22, matokeo yakachapishwa mwaka 2023, ilionekana kwamba linasaidia pale ambapo mazingira ya chuo yenyewe yanampa mwanafunzi nafasi ya kujiona ni wa hapo. Kipande hicho cha pili nakithamini zaidi. Maneno mazuri yakikosa mahali pa kushika hayamsaidii mtu. Ukimwambia kijana "hapa ni pako" halafu hakuna hata mmoja anayelijua jina lake, umemdanganya.

Ndiyo maana kwa yule binti hatukuanza na takwimu. Tulitafuta mtu mmoja darasani ambaye angekaa naye. Alimtaja msichana waliyewahi kuazimana kikokotoo. Kazi yake ya wiki ile ilikuwa kumwandikia msichana huyo: "Kesho nakuja kipindi cha takwimu, nikalie kiti." Tuliuandika ujumbe pamoja, akautuma akiwa bado mbele yangu. Nasisitiza hilo: akiwa bado mbele yangu. Jambo zito likiachwa lifanyike "nikifika hosteli" halifanyiki.

Kisa nitakachokieleza kwa urefu ni cha kijana wa uhandisi, mwaka wa pili, kwa sababu kinaonyesha jinsi kujificha kunavyofanya kazi. Alikuja akiwa ameshaamua kuacha chuo. Alikuwa na mamia ya barua pepe ambazo hajazifungua, na ile namba iliyokuwa ikimkodolea macho juu ya kioo cha simu ilitosha kumfanya asiguse kitu. Nilimwuliza anadhani ndani yake mna nini. Akasema bila kusita, "Barua ya kunifukuza."

Nilimwomba afungue kompyuta, tukakubaliana masharti. Mimi sisomi chochote. Yeye atasoma kwa sauti vichwa vya habari tu, na kila barua ataiweka kwenye fungu mojawapo: imepita, haina madhara, inataka jibu. Hakuna kujibu chochote hadi tumalize. Masharti hayo yana sababu. Mtu akianza kujibu barua ya kwanza inayomtisha, moyo humwishia hapohapo na anafunga mashine. Akipanga bila kujibu, anapata kwanza picha ya ukubwa halisi wa tatizo, na ukubwa halisi mara nyingi ni mdogo kuliko ule aliokuwa akilala nao.

Nyingi zilikuwa matangazo ya watu wote: maktaba itafungwa mapema, mhadhara wa mgeni umeahirishwa, kitambulisho cha fulani kimeokotwa. Chache zilikuwa zimepita muda wake. Zilizotaka jibu zilikuwa nne. Barua ya kumfukuza haikuwamo. Moja kati ya zile nne ilitoka kwa mhadhiri wa mekanika, akiuliza kama angependa kufanya jaribio la fidia, na tarehe ya mwisho ya kujibu ilikuwa bado haijafika. Aliisoma mara mbili. Kwa wiki kadhaa alikuwa ameikimbia barua ile ile iliyokuwa ikimfungulia mlango.

Kisha tukaandika jibu. Hapa wanafunzi karibu wote hufanana: wanataka kuandika ukurasa mzima wa kuomba radhi, historia ya familia, ahadi za kubadilika. Mimi huwaambia waandike mambo manne tu: wewe ni nani, nini kilitokea kwa sentensi moja, unaomba nini, na uko tayari kufanya nini. Jibu lake lilikuwa hivi:

"Mheshimiwa mwalimu, naitwa fulani, namba yangu ya usajili ni hii, niko kwenye kozi yako ya mekanika. Sikufanya jaribio la kwanza na nimechelewa kujibu barua yako, naomba radhi. Naomba kufanya jaribio la fidia kama nafasi bado ipo. Ninaweza kufika siku yoyote wiki hii baada ya saa 8 mchana."

Mhadhiri mwenye mamia ya wanafunzi hawezi kupima huzuni ya kila mmoja, ila ombi lililo wazi anaweza kulijibu kwa mstari mmoja. Alijibu jioni ileile, akataja siku na chumba. Kijana akafanya jaribio, akapata alama za kawaida tu, zilizomtosha kubaki kwenye kozi. Waliotutangulia walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na nina hakika methali hii inawahusu wanafunzi wa chuo kama inavyowahusu wagonjwa. Ila mtu hafichui ugonjwa wake kwa kukemewa. Anaufichua anapomwona mtu ambaye hashtuki.

Kuna kazi nyingine ya namna hiyo ambayo haipendezi lakini siiachi kamwe: hesabu ya alama. Ni ajabu jinsi wanafunzi wachache wanavyojua wamesimama wapi. Wanasema "hali ni mbaya" au "nitajitahidi", na yote mawili ni njia za kukwepa karatasi. Basi tunachukua karatasi. Tuseme kazi na majaribio ya muhula ni alama 40, mtihani wa mwisho 60, na kufaulu ni 40 kati ya 100. Ana 14. Anahitaji 26 kati ya 60. Hiyo ni chini ya nusu ya mtihani, na mtu aliyekuwa ameshajizika anaanza kuuliza ni mada zipi zenye uzito. Kwingine hesabu inakuwa kali: ana 5, na kanuni za chuo chake zinataka mwanafunzi apate angalau 16 kwenye kazi za muhula kabla hajaruhusiwa kuingia kwenye mtihani. Hapo kumwambia akaze ni kumpotezea muda. Tunafungua kitabu cha kanuni na kutafuta tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye kozi bila kuandikiwa kufeli, na masharti ya kuahirisha muhula. Kanuni hizo zimeandikwa. Hazisomwi na wanaozihitaji, kwa kuwa kuzisoma ni kukiri.

Wanafunzi waliofikia hatua ya kuahirisha kwa mpango nawahesabu kuwa wamesaidika, ingawa takwimu za chuo zinaweza kuwaweka kwenye fungu la walioondoka. Kuna mama mmoja, mwanafunzi mwenye mtoto mchanga na zamu za usiku, aliyekuwa akifeli masomo yote matano. Aliahirisha kwa barua, akapokea jibu la maandishi linalosema ana haki ya kurudi, akaondoka kichwa juu. Angeendelea kupotea kimyakimya, angepoteza na haki hiyo.

Nikija kwenye kusoma kwenyewe, aibu inaonekana hata mtu akiwa peke yake chumbani. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio linalojulikana sana siku hizi. Wanafunzi walisoma kifungu kifupi. Baadhi wakakisoma tena, na wengine wakafunga karatasi na kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, walioandika kwa kumbukumbu waliwaacha mbali. Naamini matokeo haya kwa sababu nayaona kila muhula, na naamini pia najua kwa nini wanafunzi hawayafuati hata wakielezwa. Kusoma notsi mara ya tatu kunatuliza: kila mstari unaufahamu, hakuna swali linalokuumbua. Kufunga daftari na kujiuliza maswali kunakuonyesha papo hapo usichokijua. Aliyeumizwa na matokeo hukwepa kupimwa, hata akijipima mwenyewe bila shahidi.

Kwa hiyo tunafanya zoezi hilo pamoja mara ya kwanza. Anachagua mada, anafunga daftari, anaandika kila anachokumbuka kwa dakika 10, na mimi nakaa tu. Karatasi ikitoka na mistari mitatu, nasema tumepata orodha ya kazi ya wiki. Wiki inayofuata mistari huongezeka, naye anaiona kwa macho yake. Baada ya hapo hanihitaji kwa zoezi hilo. Mitihani iliyopita nayo hutumika vivyo hivyo: ianze mapema, ikiwa bado inauma, badala ya kuwekwa hadi siku tatu za mwisho kama kipimo cha kujifariji.

Kuhusu kusoma peke yake kuna habari ambayo kila mlezi anapaswa kuijua. Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanahisabati Uri Treisman alitaka kuelewa kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakifeli kalkulasi ya mwaka wa kwanza, hali wenzao wenye asili ya China walifanya vizuri. Aliwauliza wahadhiri, nao wakamtajia sababu zinazotajwa kila mahali: hawana ari, wameandaliwa vibaya, familia hazitilii mkazo elimu, kipato ni kidogo. Aliwafuatilia wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya China, akawaangalia wanavyoishi na wanavyosoma. Sababu zote zile hazikusimama. Tofauti kubwa aliyoikuta ni kwamba wale wenye asili ya China, wakishasoma peke yao, walikutana, wakalinganisha majibu, wakaulizana, wakarekebishana. Wale weusi walisoma kwa bidii, na walisoma peke yao. Kujitegemea ndiko kulikowafikisha chuo kikuu, na hawakuona sababu ya kukuacha. Mwenye kusoma peke yake akikwama hudhani amekwama yeye tu.

Alichofanya Treisman baada ya hapo ndicho ninachokiheshimu zaidi. Vipindi vya kuwasaidia wanyonge vilikuwapo tayari, na wanafunzi hao hawakuhudhuria. Walikuwa wamezoea kuwa vinara kwenye shule zao, wasingekubali kuketi chini ya bango hilo. Akaanzisha warsha yenye maswali magumu kuliko ya darasani, ikitangazwa kuwa ya wanaotaka kufanya vizuri sana, na watu wakifanya kazi kwa vikundi. Kufeli kukapungua sana, na wengi wa waliohudhuria wakawa wanalingana na darasa au kulipita. Walezi wenzangu nawaomba walifikirie hilo wanapochagua maneno. Mwanafunzi anayeyumba hahitaji kupunguziwa ugumu kila mara. Anahitaji kuonekana kama mtu anayeuweza, akiwa na watu wengine chumbani.

Je, ulezi huu unasaidia kweli, au ni sisi tunaojisikia vizuri? Swali hilo ni halali. Eric Bettinger na Rachel Baker walichambua kwa kina data ya zaidi ya wanafunzi 13,000 katika vyuo vya Marekani, waliopangwa kwa bahati nasibu kupata au kutopata mlezi aliyewapigia simu mara kwa mara kuzungumzia ratiba, malengo na vikwazo vya maisha. Waliobaki chuoni waliongezeka kwa takriban wanafunzi 5 katika kila 100, na tofauti hiyo iliendelea kuonekana baada ya ulezi kwisha. Mpango wa kuwasaidia wanafunzi wahitimu, uitwao ASAP, wa City University of New York, ulioanza mwaka 2007, ulifika mbali zaidi: katika jaribio la taasisi ya utafiti ya MDRC, wanafunzi 40 kati ya kila 100 walihitimu ndani ya miaka 3, dhidi ya 22 kati ya 100 wasiokuwa kwenye mpango. Lakini mpango huo haukuwa na washauri peke yake. Ulilipa pia pengo la ada, vitabu na nauli. Nalitaja hilo ili mtu asidhani moyo wa kujitolea unaziba nafasi ya fedha. Kijana asiye na nauli hafiki darasani hata mlezi wake awe nani.

Upande wa pili, Philip Oreopoulos na Uros Petronijevic walijaribu katika Chuo Kikuu cha Toronto kuwapa maelfu ya wanafunzi mazoezi ya mtandaoni na ujumbe wa simu wa kuwahimiza. Alama hazikupanda. Kikundi kidogo kilichopewa mlezi wa kukutana naye ana kwa ana ndicho kilichoonyesha mabadiliko. Kwa ofisi zinazotafuta njia rahisi ya kuwafikia wanafunzi wote kwa mpigo mmoja, matokeo hayo yanavunja moyo. Kwa mtu anayejiuliza kama saa yake moja kwa wiki ina maana, yanampa sababu ya kuja.

Mipaka nayo lazima iwepo. Siwaandikii kazi zao, hata aya moja. Siwakopeshi fedha, kwa kuwa deni huleta aibu mpya juu ya ile ya zamani na mwanafunzi akikosa kulipa anaacha kuja. Nawapeleka kwenye ofisi inayohusika na tunajaza fomu pamoja. Siahidi siri ya kila kitu, na hilo nalisema kikao cha kwanza, mapema, kabla hakujawa na siri yoyote. Mwanafunzi akiniambia amechoka kuishi, namuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Watu wengi huogopa kulitamka neno hilo wakidhani litampandikizia wazo. Halipandikizi, tafiti zimelionyesha hilo, na anayeulizwa mara nyingi hupata ahueni kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu. Baada ya hapo sibaki naye peke yangu. Tunakwenda pamoja kwa mnasihi au hospitali, na simwachi mlangoni.

Kuna swali ambalo wanaotaka kujitolea huniuliza mara kwa mara: "Mimi sikusoma fani yao, nitawasaidiaje?" Kutosoma fani yao ni faida kubwa. Huwezi kumfundisha, hivyo unalazimika kumwuliza, na akikueleza yeye ndipo anapogundua anachokielewa na asichokielewa. Na huwezi kumlinganisha na ulivyokuwa wewe. Hadithi ya mafanikio ya mlezi, hata ikisimuliwa kwa nia njema, kwa mtu mwenye aibu huwa kipimo kingine anachofeli. Mimi yangu siisimulii hadi niombwe.

Ukitaka kuanza, uliza kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi ya chuo kilicho karibu nawe kabla muhula haujaanza, maana wanafunzi wakipangiwa mlezi wiki ya pili bado kuna majaribio ya kuokoa, na wakipangiwa wiki ya kumi kazi kubwa inakuwa kujaza fomu za kuahirisha. Usikubali kupewa jina na namba ya simu tu. Uliza nani atakufundisha, nani utampigia usiku kijana akiwa hatarini, na wewe mwenyewe utakuwa unaongea na nani ukielemewa. Ofisi ikiwa na majibu ya hayo matatu, waambie ni siku gani ya wiki unaweza kufika bila kukosa, kisha waanze kukupangia mwanafunzi mmoja. Wawili wasubiri muhula unaofuata.